Chomoa plagi kwanza: kuchagua kidhibiti cha tangi la matumbawe ukiwa Tanga

Kuna siku umeme ulikatika Chumbageni saa nane mchana, mwezi wa pili, wakati ule ambao kaskazi imelegea na hata majani ya mwarobaini hayatikisiki. Mimi nilikuwa Pangani, nimekwenda kuzika. Simu haikuita wala haikuleta ujumbe, nikajua nyumbani kumetulia. Kumbe kidhibiti cha tangi langu la matumbawe kilizimika pamoja na ruta, na kifaa kilichozimika hakina mdomo. Nilipoingia nyumbani saa tatu usiku nilikuta samaki wote wako juu wanahema, midomo imegusa uso wa maji. Kipimajoto kilisoma nyuzi 29 tu. Joto lilikuwa bado halijafika pabaya. Kilichokuwa kimeisha ni hewa.

Kidhibiti kile nilikinunua kwa kusoma sifa zake: kina matundu mangapi ya vihisi, kinachora grafu nzuri kiasi gani kwenye simu. Sikuuliza hata mara moja kwamba kikifa, kitaniachaje. Mwongozo huu nimeupanga kwa kufuata swali hilo, kwa mtu mwenye tangi la maji ya bahari hapa Tanga au popote kwenye mwambao huu wenye joto, chumvi hewani na umeme wa kuja na kuondoka. Hesabu zote nimefanya kwa mfumo wa lita 300, tangi la juu na la chini kwa pamoja. Wewe badilisha kufuatana na lako.

Kwa asiyekijua: kidhibiti ni kompyuta ndogo. Inasoma vihisi (joto, kina cha maji, pH yaani kiwango cha asidi, chumvi), kisha inawasha au kuzima soketi kufuatana na ilichosoma, na inakupa taarifa.

Hatua ya 1: Zima kila kitu kwa saa moja

Kabla hujatoa hata shilingi, chagua Jumamosi yenye joto, shika daftari, kaa mbele ya tangi, uzime umeme wake wote ukutani. Usiondoke. Kila dakika kumi andika nyuzi, na mtazame samaki mmoja anavyopumua. Ukiona kasi ya mashavu yake inaongezeka au anapanda juu, washa. Umeshapata jibu lako.

Angalia pia maji yanaelekea wapi. Pampu ikisimama, maji ya juu hushuka kwenye tangi la chini mpaka yafikie usawa wa tundu. Je, tangi la chini linayameza yote, au yanafika sakafuni? Kama yanamwagika, acha habari ya vidhibiti kwanza. Punguza maji au toboa tundu la kuvunja mvuto wa maji kurudi nyuma kwenye bomba la kurudisha, karibu na uso wa maji. Kisha washa tena uone: pampu zote zimeamka? Pampu iliyozeeka huwa inanguruma tu bila kuzunguka. Skima nayo, mashine inayotoa uchafu kwa povu, kwa dakika chache za mwanzo inaweza kufurika uchafu wote uliokwisha kukusanywa.

Baada ya hapo andika kwa wiki mbili: joto saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa nne usiku, pamoja na lita ulizoongeza kufidia maji yaliyokauka. Kwangu, madirisha yakiwa wazi mwezi wa kwanza, asubuhi ilikuwa 27 kasorobo na mchana 29 na nusu. Maji yaliyokauka yalikuwa lita 2 kwa siku bila feni, na lita 5 feni ikipuliza.

Sasa andika kinachoweza kuua tangi lako, kuanzia kilicho karibu zaidi. Orodha yangu ilitoka hivi: umeme kukatika, joto la mchana, maji matamu kuingia kupita kiasi, pampu ya dozi (ya kudondoshea madini majini) kukwama ikiwa wazi, bomba kuvuja. Kidhibiti unanunua kwa ajili ya orodha hiyo. Chochote kisichomo, hata kiwe kizuri namna gani, ni pambo.

Hatua ya 2: Joto, na kwa nini nimetupa hita

Miongozo mingi ya tangi la matumbawe imeandikwa na watu wa nchi za baridi, ndiyo maana jambo la kwanza wanalozungumza ni hita, na ajali wanayoiogopa kuliko zote ni hita iliyokwama ikichemsha tangi usiku. Hapa Tanga, hata kusi ya mwezi wa saba, tangi lenye pampu mbili tatu ndani ya nyumba ni nadra kushuka chini ya nyuzi 24. Matumbawe yanaridhika kati ya 24 na 27, na ya bahari yetu yanajua zaidi ya hapo: maji ya mwambao huu hupanda na kushuka kati ya karibu 25 wakati wa kusi na 29 au zaidi kidogo mwezi wa tatu. Hita yangu iko kabatini. Ukiitoa, umeondoa ajali moja bila kununua kitu.

Tunachohitaji ni kupoza. Njia ni mbili, feni au chila, yaani mashine ya kupoza maji kama friji.

Feni inapuliza juu ya maji, maji yanakauka, na yakikauka yanaondoka na joto. Lita 1 ikigeuka mvuke huchukua joto la kutosha kushusha lita 300 kwa karibu nyuzi 2, kama hakuna joto jipya linaloingia. Joto jipya linaingia, bila shaka, kutoka chumbani, kwenye pampu na kwenye taa, kwa hiyo usitarajie hesabu itimie kamili. Siku za masika, hewa ikiwa imelowa, feni inafanya kazi kidogo sana. Lakini feni mbili ndogo za kompyuta za 12 V zinatumia wati chache, na zinaweza kuendeshwa na betri.

Chila ina nguvu kweli, na inaleta matatizo yake. Joto inalolitoa majini inalimwaga chumbani. Ukiiweka kwenye kabati chini ya tangi itakuwa inajikimbiza yenyewe. Halafu kuna kompresa. Nilipotaka kuiunga chila kwenye ubao wa relei (swichi ndogo zinazowashwa na kidhibiti) nilioununua kwa bei ya sahani ya biriani, fundi friji wa Ngamiani aliushika, akaugeuza, akacheka.

“Kaka, hii ni ya kuwashia taa. Kompresa ikiamka inavuta umeme mara tano ya inaoutumia ikishakimbia. Hii relei itaungua midomo, na ikiungua haifunguki tena.”

Alikuwa sahihi. Relei iliyoandikwa ampea 10 inaweza kubeba taa za ampea hizo, lakini mota ni mzigo wa aina nyingine. Midomo yake huyeyuka na kushikana, na hapo kidhibiti kinadhani kimezima wakati chila bado inakimbia. Relei ndogo iwashe kontakta, swichi kubwa ya kubebea mota, kontakta ndiyo iwashe chila. Na kidhibiti utakachochagua kiwe na muda wa kusubiri kabla ya kuwasha kompresa tena, dakika tatu hadi tano. Kompresa inayowashwa na kuzimwa papo kwa papo haifiki mwaka.

Tenganisha pia nyuzi za kuwasha na za kuzima. Feni iwake kwenye 27.2, izime kwenye 26.8, chila ije kwenye 28 tu, feni ikishindwa. Taa zizimwe zenyewe maji yakifika 29. Amri hii ya mwisho ndiyo inayonifanya nikubali kwamba kidhibiti kamili kina faida: kinaunganisha vitu ambavyo vifaa vya pekepeke haviwezi kuambiana.

Hatua ya 3: Maji ya kujazia

Ukishaweka feni, umejilazimisha kuweka kifaa cha kujazia maji. Chumvi haikauki. Lita 5 zikitoka kwenye 300, chumvi ya 35 (gramu kwa kila kilo ya maji) inakaribia 35.6 kwa siku moja. Acha siku nne bila kujaza na uko juu ya 37. Kwa hiyo kila siku yanarudishwa maji matamu, yaliyochujwa kwa RO (mashine inayotoa hata chumvi zilizoyeyuka), wala si ya bomba moja kwa moja.

Kihisi cha maji kikishuka, pampu ndogo inawaka, kikipanda, inazima. Ni rahisi hivyo, na ndicho kifaa kilichonitia hasara kuliko vyote. Nilikuwa na pipa la lita 120 la maji ya RO pembeni, nikijivunia kwamba naweza kusafiri mwezi mzima. Usiku mmoja konokono mdogo, wale wanaokula ukoga wa kioo, akapanda juu ya boya la swichi akalala hapo. Boya likabaki chini. Kwa pampu, maji yalikuwa yamepungua tu. Asubuhi sakafu ilikuwa imelowa hadi mlangoni, ndoo tatu za lita 20 zilikuwa zimeshahama kutoka kwenye pipa, na rifraktomita, kipimo cha chumvi cha mkono, ikanisomea 29. Kamba wangu wote watatu walikufa siku ile. Matumbawe laini yalichukua wiki mbili kufunguka.

Tangu hapo nadai mambo matatu kwenye mfumo wowote wa kujazia. Kwanza, vihisi viwili vya namna tofauti, kimoja cha mwanga na kingine cha boya kilichowekwa juu zaidi, ili kilichomdanganya mmoja kisimdanganye mwingine. Pili, ukomo wa muda: kama pampu imekimbia dakika kadhaa bila kihisi kutosheka, izime na ipige kelele. Osmolator ya Tunze, kampuni ya Ujerumani, imekuwa na mpango huu kwa miaka mingi, jicho la mwanga, boya la akiba na pampu kukatwa ikishafika dakika 10; ukitengeneza wako mwenyewe, iga huo.

La tatu halihitaji umeme. Chombo cha maji ya kujazia kisiwe kikubwa kuliko kiasi ambacho tangi linaweza kukivumilia kikimwagika chote. Lita 25 ndani ya 300 zinashusha chumvi kutoka 35 hadi 32 na kitu. Hakuna atakayefurahi, lakini hakuna atakayekufa. Pipa langu la lita 120 sasa linatunza maji ya mvua ya bustani. Fanya hivyohivyo kwa chupa za pampu za dozi: weka dozi ya siku nne tano, usijaze ya mwezi. Na kwa maji ya chokaa, ambayo pH yake ni kali, ukomo uwe mfupi zaidi.

Hatua ya 4: Umeme

Angalia kibandiko cha nyuma kabla ya kulipa. Umeme wetu ni 230 V, 50 Hz, soketi za miguu mitatu ya bapa. Vidhibiti vya Marekani vingi huja na ekstensheni yake maalumu ya 120 V, na hiyo ndiyo sehemu inayowasha na kuzima. Kuitafutia transfoma ni kununua tatizo la pili. Ulizia toleo la 230 V, na kama halipo, achana nacho. Pampu za AC za 60 Hz nazo zitakimbia polepole hapa. Pampu za DC zenye adapta ya 100 hadi 240 V hazina shida hiyo, na kwa sababu nyingine kubwa ndizo ninazozipenda: nyingi zinakubali betri.

Maana umeme ukikatika, kidhibiti hakikusaidii kitu kama hakina cha kuwasha. Samaki wanahitaji maji yanayotikisika juu ili hewa iingie. Betri ya sola ya 12 V, 100 Ah, ukitumia nusu yake tu ili usiiue, inakupa karibu Wh 600. Pampu ya kuzungusha inayotumia wati 10 itakwenda usiku kucha, mchana wake na usiku wa pili. Soma kwanza kama pampu yako inapokea 12 V. Kama betri hiyo hainunuliki, pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe umeme ukikatika ni ya bei ndogo na inaokoa tangi.

UPS ya kompyuta, betri ya akiba, weka, lakini ujue ni ya nani. Kidhibiti na ruta kwa pamoja vinakula kama wati 15, na UPS ndogo itavishika saa mbili au tatu. Ukiitundikia na pampu kubwa itakufa kabla hujamaliza kutafuta tochi.

Halafu kuna LUKU. Mara ya pili tangi langu kuzimika haikuwa mgao wala waya kukatika. Uniti zilikwisha usiku wa manane, nami niko Korogwe. Nyumba za majirani zote zinawaka, ya kwangu giza. Tangi lina chila? Basi fahamu linakula uniti ngapi kwa siku, na kabla ya safari nunua za kuzidi.

Swali la mwisho la hatua hii muulize muuzaji kwa maneno haya: “Ubongo wake ukipoteza mawasiliano na soketi, kila soketi inabaki vipi?” Kwenye mifumo mizuri unachagua mwenyewe soketi kwa soketi, Apex (mfumo mmoja wa Marekani) wanaiita hali ya kurudia, unaandika kuwaka au kuzimika. Pampu ya kurudisha maji: iwake. Pampu ya kujazia, pampu za dozi: zizimike. Feni: iwake. Muuzaji asipoelewa swali, tafuta mwingine.

Hatua ya 5: Kengele

Hapa ndipo nilipoumia siku ya Pangani, na nitasema kidogo zaidi.

Kidhibiti cha intaneti kinakupigia kelele kikiwa hai. Unachohitaji ni mtu wa pili, anayejua kwamba yule wa kwanza amenyamaza. Baadhi ya mifumo ina huduma ya mtandaoni inayokutumia ujumbe ikiona kifaa chako hakijaripoti kwa dakika kadhaa. Hakikisha ipo, iwashe, na uipime kwa kuchomoa ruta. Usiamini picha ya tangazo.

Mimi nimeongeza kisanduku kidogo chenye laini ya simu na betri yake ndani, kile cha kuwaambia wenye majokofu kwamba umeme umekatika. Hakitumii intaneti, kinatuma SMS. Bando la ruta likiisha, chenyewe bado kipo. Kiwekee salio na ukitumie mara kwa mara, kwa sababu laini isiyoguswa kwa muda mrefu hufungwa.

Namba za kupokea ziwe mbili, na moja iwe ya mtu aliye karibu kwa miguu. Kwangu ni mama watoto na kijana wa duka la kona. Juu ya tangi kuna karatasi imebandikwa kwa selotepu, mwandiko mkubwa: *Washa pampu ya hewa, swichi nyekundu. Fungua dirisha. Usimwage kitu chochote ndani. Nipigie.* Mstari wa tatu niliuongeza baada ya jirani mwenye huruma kuwapoza samaki kwa barafu ya maji ya bomba.

Na usijaze kengele. Ukitaka ujumbe kila joto likipita 27 na nukta moja, baada ya wiki utakuwa huzisomi tena. Nina kengele nne tu: umeme hakuna, joto limepita 29, maji sakafuni, kidhibiti kimenyamaza.

Hatua ya 6: Vihisi vya kulipia

Joto: viwili, kila kimoja na waya wake. Vikitofautiana zaidi ya nusu nyuzi, kimoja kinadanganya na kidhibiti kikwambie. Kina cha maji na maji sakafuni: ndiyo.

pH: inafaa kama shahidi, haifai kama bosi. pH ya tangi hushuka usiku na kupanda mchana taa zikiwaka, kati ya 7.8 na 8.4, na hakuna haja ya kuifukuza. Ila ikiruka ghafla usiku, jua pampu ya dozi imekosea. Kihisi chake hudumu mwaka mmoja au miwili, na kila mwezi ukipime kwenye maji ya kulinganishia ya 7 na ya 10. Ncha yake iwe imelowa daima, ikikauka kihisi kimekufa.

Chumvi: vihisi vya umeme vya chumvi hunasa viputo na ukoko, kisha vinakusomea uongo kwa utulivu kabisa. Rifraktomita ya mkono mara mbili kwa wiki imenitosha. ORP (kipimo cha nguvu ya maji kuunguza uchafu) sijaona ilichonisaidia.

Mashine za kupima alkali na kalisi zenyewe zipo, na ni nzuri. Ila zinakula vitendanishi vinavyokuja kwa ndege, na siku vikichelewa unabaki na sanduku. Pima kwa mkono: alkali dKH (nyuzi za ugumu wa kaboneti) 7 hadi 9, kalisi miligramu 400 hadi 450 kwa lita, magnesi 1,250 hadi 1,350.

Hatua ya 7: Sasa ndiyo uchague

Njia ni tatu.

Vifaa vya pekepeke: kidhibiti cha joto cha soketi mbili kama ITC-308 ya Inkbird (kina muda wa kusubiri kompresa, na toleo la 230 V lipo), kifaa cha kujazia maji chenye akili yake, taa yenye saa yake. Kimoja kikifa vingine vinaendelea. Kwa tangi la chini ya lita 200 sioni sababu ya kwenda mbele zaidi.

Kujitengenezea: reef-pi ni programu huria isiyolipiwa, inakaa kwenye Raspberry Pi, inashughulikia joto, kujazia, taa, pH na dozi, na unaifungua kwa simu ndani ya nyumba hata intaneti ikiwa hakuna. Kihisi chake cha joto, DS18B20, ni cha bei ya chini na kinauzwa popote pauzwapo vifaa vya elektroniki. Ubaya ni kadi ya kumbukumbu: umeme ukikatwa kwa ghafla mara nyingi, kadi huharibika, na siku moja haiamki. Iweke kwenye UPS, na uwe na kadi ya pili iliyonakiliwa, ndani ya bahasha, karibu.

Mifumo mikubwa: Apex ya Neptune Systems na Hydros ya CoralVue za Marekani, ProfiLux ya GHL ya Ujerumani. Ina uwezo ambao hizo nyingine hazina. Ikishafika Tanga na ushuru wake, bei inasogelea ya pikipiki ya bodaboda. Kabla ya kuinunua hesabu pia kihisi cha akiba na ekstensheni ya akiba, kwa sababu havipo dukani Barabara ya Tatu wala Kariakoo.

Chaguo langu kwa hapa: mikono ibaki vifaa vya pekepeke, jicho liwe reef-pi inayosoma tu, bila kuwasha wala kuzima kitu zaidi ya taa. Jicho na mikono visitegemee soketi moja. Mwenye tangi la lita 800 hotelini Raskazone, mwenye fundi na bajeti, achukue mfumo mkubwa, lakini kengele ya SMS aiweke nje ya mfumo huo.

Na kama bado hujaweka matumbawe, usiende kuyang'oa Mwambani wala Toten. Matumbawe magumu yamo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na eneo kubwa la bahari yetu ni Hifadhi ya Bahari ya Silikanti tangu 2009. Tafuta vipande vilivyooteshwa, vyenye vibali.

Hatua ya 8: Kufunga

Kidhibiti kisikae ndani ya kabati juu ya tangi la chini. Mvuke wa chumvi utakifikia. Utaona kutu ya kijani kwenye nyaya kabla ya miezi sita. Kitundike ukutani pembeni, ndani ya boksi la plastiki. Kila waya unaotoka majini uuning'inize chini ya usawa wa soketi kisha uupandishe, ili tone lidondoke pale kwenye kona. Na fundi umeme akufungie breka inayokata umeme ukivuja. Unaingiza mikono kwenye maji ya chumvi yenye waya za 230 V.

Hatua ya 9: Jaribu kila mwezi

Jumamosi ya kwanza ya mwezi nachomoa. Kihisi cha joto nakitumbukiza kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, feni iwake. Boya nalinyanyua kwa kidole, pampu ya kujazia isimame. Kihisi cha sakafu nakigusisha kitambaa kilicholowa. Mwisho kabisa nazima swichi kuu na kutazama saa.

Mwezi uliopita SMS ilifika sekunde ya arubaini. Mama watoto akatoka jikoni, mikono imejaa unga wa chapati.

“Ni kweli au ni lile zoezi lako?”

Nikamwambia ni zoezi. Akaniuliza kwa nini basi hasikii viputo. Nikatega sikio, kweli, pampu ya hewa ilikuwa kimya. Betri yake ilikuwa imekufa, sijui tangu lini, na taa yake ya kijani inawaka vilevile. Nilivaa kandambili nikaenda kununua nyingine kabla maduka hayajafunga.